Maisha ya Ibn al-Haytham (r.h.): Kutoka Basra hadi Kadi ya Benki

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake.



Baada ya darsa ya Ijumaa alinijia mzee mmoja akanivuta pembeni. Binti yake amemaliza skuli kwa alama nzuri za hesabu, na amepata nafasi ya chuo kikuu kusomea utengenezaji wa saketi za elektroniki, zile zinazolinda siri za benki na mawasiliano. Mzee hakuwa na ubishi na elimu. Khofu yake ilikuwa moja: miaka minne ya kuzidisha na kugawa namba itamfaa nini mwanawe mbele ya Mola wake? Nilimjibu kwa ufupi pale pale, lakini niliahidi kuandika jambo hili kwa upana, kwa sababu najua si yeye peke yake anayeuliza. Nimeona jawabu bora si hoja tupu bali ni maisha ya mtu. Basi na tumtazame Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haytham, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kuzaliwa na kukua

Ibn al-Haytham alizaliwa Basra, Iraq, karibu na mwaka 354 Hijria, sawa na 965 Miladia. Basra ni mji wa bandari, na wazee wetu wa visiwani waliujua kwa majahazi na tende zake. Katika zama zake ulikuwa mji wa wanachuoni wa lugha, fiqhi na falsafa, na mijadala ya madhehebu ilikuwa mikali. Kijana huyu alisikia kila kundi likidai kuwa haki iko kwake. Akaona atafute njia ambayo mtu anaweza kuipima hoja bila ya kutegemea sauti ya msemaji. Njia hiyo akaiona katika hesabu, jiometri na uchunguzi wa vitu kwa macho na mikono. Aliendelea nayo mpaka mwisho wa umri wake.

Alisoma vitabu vya Wayunani vilivyokuwa vimeshatafsiriwa kwa Kiarabu: Euclid katika jiometri na Ptolemy katika nyota. Alivisoma kwa heshima, lakini hakuvisujudia. Baadaye aliandika kitabu kizima kuonyesha mambo yenye shaka katika kazi ya Ptolemy, na humo akaeleza kuwa mwenye kutafuta haki hapaswi kuwaamini waliotangulia kwa sababu tu ya majina yao, na kwamba anapaswa kuituhumu hata nafsi yake anapowakosoa.

Ahadi ya Mto Nile

Mwanahistoria Ibn al-Qifti anasimulia kisa kilichobadilisha maisha yake. Ilimfikia Khalifa wa Kifatimi wa Misri, al-Hakim, habari kwamba yuko mtu Iraq anayesema angelikuwa Misri angeliutengeneza Mto Nile ukawafaa watu mwaka mzima, maji yakijaa na yakipungua. Al-Hakim alitawala kuanzia 386 hadi 411 Hijria, yaani 996 hadi 1021 Miladia. Alipenda elimu, na akaogopwa mno kwa ukali wake na kwa kubadilika kwake ghafla. Alimpelekea Ibn al-Haytham mali na wito. Alipowasili, Khalifa mwenyewe alitoka nje ya Cairo kwenda kumpokea.

Akapewa mafundi na vifaa, akapanda mto kuelekea kusini. Njiani aliyaona majengo ya Wamisri wa kale, yaliyojengwa kwa vipimo vya hali ya juu. Fikra ikamwingia: watu waliojua kujenga namna hii, lau kazi hii ingewezekana, wangeshaifanya. Alipofika kwenye maporomoko karibu na Aswan, akapima na kutazama, akakiri ndani ya nafsi yake kuwa haiwezekani kwa zana alizokuwa nazo.

Hapa, ndugu zangu, ndipo mtihani ulipo. Nyuma yake kuna mfalme aliyempa mali na heshima, na ambaye amewahi kuwaua watu kwa makosa madogo zaidi. Mbele yake kuna mto. Angeweza kuanza ujenzi, akala fedha ya umma miaka kumi, kisha akalaumu mafuriko. Wengi hufanya hivyo. Yeye alirudi Cairo na kusema kweli kwamba amekosea.

Al-Hakim alimpokea bila ya kumdhuru na kumpa kazi ya idara serikalini. Lakini Ibn al-Haytham alijua kuwa usalama ule si wa kuaminika. Basi akajifanya amerukwa na akili. Mali yake ikazuiliwa, akawekwa ndani ya nyumba chini ya uangalizi, akakaa katika hali hiyo mpaka al-Hakim alipoondoka duniani mwaka 411 Hijria. Ndipo akaonyesha kuwa akili yake ni timamu.

Kuna atakayeuliza: je, huu si uongo? Wanachuoni wetu wameeleza kwamba kulinda roho ni katika makusudio makubwa ya sharia, na kwamba mwenye kukhofia kuuawa kwa dhulma ana nafasi ya kujikinga ambayo mwenye amani hana. Nawaomba mtazame mpangilio wake. Penye dhamana ya watu alisema kweli ingawa kweli ile ingeweza kumuua. Alijificha baada ya kuitimiza amana, na kujificha kwake hakukumdhulumu mtu yeyote.

Maisha ya mkono wake

Baada ya hapo alihamia kwenye chumba karibu na mlango wa msikiti wa al-Azhar. Hakurudi kwenye milango ya wakubwa. Ibn al-Qifti anaeleza kuwa kila mwaka alinakili kwa mkono vitabu vya Euclid, vitabu vya kati vya hesabu na Almagest ya Ptolemy, akaviuza kwa dinari 150 za Misri bila ya kupatana bei, na hiyo ndiyo riziki yake ya mwaka. Muda uliobaki ulikuwa wa ibada, kufundisha na kuandika.

Mwanahistoria mwengine, al-Bayhaqi, ametaja kisa cha amiri mmoja aitwaye Surkhab aliyekuja kusoma kwake. Ibn al-Haytham alimtaka alipe dinari 100 kila mwezi. Akalipa miaka mitatu mizima. Siku ya kuagana, mwalimu alimrudishia fedha zote, akamueleza kwamba alitaka tu kujua kama elimu ni azizi kwake kuliko mali, na kwamba kufundisha kheri hakuchukuliwi ujira. Sisi walimu wa vyuo vya Qur-ani tunaolipwa kwa shida na wazazi tusikifanye kisa hiki kuwa fimbo ya kuwanyima walimu haki zao. Lakini kinatufundisha thamani ya elimu machoni mwa mtu huyu.

Alifariki Cairo karibu na mwaka 430 Hijria, 1040 Miladia. Wanahistoria wa mwanzo wameorodhesha vitabu na risala zake zaidi ya 90. Kikubwa zaidi ni Kitab al-Manazir, juzuu saba juu ya mwanga na kuona. Humo alibainisha kwa majaribio kuwa tunaona kwa mwanga unaoingia machoni, si kwa miali inayotoka machoni kama walivyodhani Euclid na Ptolemy. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza, kila taa ikatoa doa lake ukutani. Akaziba moja, doa lake peke yake likapotea. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini na kuchapishwa Basel mwaka 1572. Aliandika pia juu ya mwanga wa mwezi, na juu ya kutafuta mwelekeo wa qibla kwa hesabu.

Risala ndogo ya namba saba

Sasa nije kwenye kazi yake inayomhusu binti wa yule mzee. Ni risala fupi, na swali lake ni hili: ni namba gani ambayo ukiigawa kwa 2, kwa 3, kwa 4, kwa 5 au kwa 6 inabaki 1, lakini ukiigawa kwa 7 haibaki kitu?

Hii ni hesabu ya baki, nasi huitumia kila siku bila ya kuipa jina. Saa kumi ukiongeza masaa matano husemi saa kumi na tano, unasema saa tatu, kwa sababu umeondoa kumi na mbili na kuchukua baki. Leo ikiwa Ijumaa, baada ya siku 100 itakuwa siku gani? Gawa 100 kwa 7, inabaki 2, basi ni Jumapili. Mwaka wa Hijria wa siku 354 ukiugawa kwa 7 unabaki 4, ndiyo maana mwaka mpya husogea siku nne za wiki.

Ibn al-Haytham alitoa njia mbili. Ya kwanza: zidisha 1 kwa 2 kwa 3 kwa 4 kwa 5 kwa 6, upate 720, kisha ongeza 1. Jawabu ni 721, na 721 ni 7 mara 103. Akaeleza kuwa kanuni hii inakwenda kwa kila namba tasa: zidisha namba zote zilizo chini yake, ongeza moja, na itagawanyika. Jaribuni kwa 5: zilizo chini yake zinatoa 24, ongeza moja ni 25. Jaribuni kwa 6 ambayo si tasa: 120 na moja ni 121, haigawanyiki kwa 6. Kanuni hii leo inaitwa kwa jina la Mwingereza John Wilson, na ilichapishwa Ulaya mwaka 1770, zaidi ya miaka 700 baada yake.

Njia ya pili wanafunzi wa mirathi wataitambua mara moja. Mtu akifa akaacha mke, mama na mtoto wa kiume, mke ana thumni na mama ana sudusi. Tunatafuta asili ya mas-ala, namba ndogo inayogawanyika kwa 8 na kwa 6, nayo ni 24: mke 3, mama 4, mtoto 17. Ibn al-Haytham alifanya vivyo hivyo. Namba ndogo inayogawanyika kwa 2, 3, 4, 5 na 6 ni 60. Basi tafuta ni 60 ngapi, ukiongeza 1, zitagawanyika kwa 7. Ni tano: 300 na moja ni 301, na 301 ni 7 mara 43.

Hapa nataka tuwe waadilifu. Hakuwa mtu wa kwanza kuuliza maswali ya namna hii. Wachina waliyauliza karne nyingi kabla yake katika kitabu cha Sunzi, na ndiyo maana kanuni ya jumla inaitwa kanuni ya baki ya Wachina. Wala hakutengeneza yeye mashine ya siri za benki. Tabia ya kudai kila kitu cha leo kiligunduliwa na Waislamu haifanani na mtu ambaye alirudi kwa al-Hakim na kusema sikuweza.

Baki ndani ya chipu

Mwaka 1977 wataalamu watatu huko Marekani, Rivest, Shamir na Adleman, walitengeneza njia ya kuficha ujumbe inayoitwa RSA. Msingi wake ni namba mbili tasa, kubwa mno, zinazofichwa. Zikizidishwa hutoa namba ambayo dunia nzima inaweza kuiona, lakini hakuna anayejua kuzirudisha zile mbili kwa muda wa maana. Namba hiyo ya wazi kwa kawaida hivi sasa ina tarakimu zaidi ya 600. Kadi nyingi za benki zenye chipu hutumia njia hii, nayo imelinda mawasiliano mengi ya intaneti.

Kazi yote ya chipu hapo ni kuzidisha namba hizo kubwa maelfu ya mara, na kila mara kuchukua baki. Kuna tabu mbili. Kwanza, kugawa ni kazi nzito kwa saketi. Mwaka 1985 Mmarekani Peter Montgomery alionyesha njia ya kupata baki bila ya kugawa kwa namba ile ngumu. Unaibadilisha hesabu ili mgawanyo ubaki wa vipeo vya mbili tu, na kwa mashine hilo ni kusogeza tarakimu, kama sisi tunavyogawa kwa kumi kwa kukata sifuri.

Tabu ya pili ni ukubwa wa namba, na hapa ndipo linaporudi swali la Ibn al-Haytham. Tuchukue mfano mdogo. Namba za siri ni 5 na 7, ya wazi ni 35. Tunataka baki ya 17 mara 23 kwa 35. Njia ndefu: 391, ondoa 385, inabaki 6. Njia ya mkato: fanya kila kitu kwa 5 pembeni, na kwa 7 pembeni. Kwa 5, namba 17 ni 2 na 23 ni 3, zikizidishwa ni 6, inabaki 1. Kwa 7, namba 17 ni 3 na 23 ni 2, zikizidishwa ni 6. Sasa uliza: ni namba gani chini ya 35 inayobaki 1 kwa 5 na kubaki 6 kwa 7? Ni 6. Jawabu ni lile lile, bila ya kugusa namba kubwa.

Kwa namba zenye mamia ya tarakimu faida ni kubwa. Nusu ya urefu hufanya kila tendo la kuzidisha kuwa robo ya kazi, na idadi ya matendo hupungua nusu, kwa hiyo kila upande ni thumni ya kazi ya mwanzo. Pande mbili pamoja ni robo. Chipu ndogo isiyo na betri yake yenyewe hukamilisha kazi kwa kasi ya karibu mara nne.

Khatari ya njia ya mkato

Lakini mkato una khatari yake. Turudi kwenye mfano wetu, na tuseme chipu imetikiswa kwa umeme au joto, upande wa 5 ukatoka sawa, yaani 1, na upande wa 7 ukatoka kimakosa, tuseme 4 badala ya 6. Namba itakayotoka ni 11. Mwizi mwenye jawabu sahihi, 6, na jawabu bovu, 11, atatoa moja kwa nyengine na kupata 5. Siri imetoka hadharani! Kosa moja katika nusu ya hesabu linavunja kufuli zima. Jambo hili lilichapishwa mwaka 1997 na Boneh, DeMillo na Lipton, na dawa yake ni nyepesi kuisema: chipu isitoe jawabu lolote kabla ya kulihakikisha.

Huku kuhakikisha kunagharimu muda na nafasi ndani ya chipu, na mtengenezaji mvivu au mwenye tamaa anaweza kukuacha. Mteja hatajua. Mama wa Pemba anayetumia kadi yake kutoa fedha za ada ya mtoto hatajua. Atajua siku fedha zitakapopotea. Basi amana ya mama huyu iko mikononi mwa mtu asiyemjua, aliyekaa mbali akichora saketi, akiamua kuhakikisha au kutohakikisha.

Jawabu kwa mzee wangu

Imam al-Ghazali (r.h.) ameitaja hesabu pamoja na utabibu katika elimu za fardhi kifaya, kwa sababu watu hawawezi kuendesha miamala, wasia na mirathi bila yake. Ikiwa wapo wa kutosha wanaoijua, dhambi imewaondokea wengine. Ikiwa hakuna, jamii nzima inaulizwa. Leo miamala yetu imehamia ndani ya chipu, nasi visiwani bado hatuna watu wengi wanaojua kinachotendeka humo. Kwa hiyo nasema, na Allah ndiye Mjuzi zaidi: binti huyu akisoma kwa nia ya kulinda haki za watu, akashika Sala zake na adabu zake, basi yumo katika kheri, na baba yake anayemgharamia ana fungu lake.

Lakini asipewe hesabu peke yake, apewe na Ibn al-Haytham. Apewe mtu aliyepima mto, akaona hautengenezeki, akarudi kusema hivyo mbele ya mfalme. Bwawa Kuu la Aswan lilikamilika mwaka 1970, zaidi ya miaka 900 baada ya yeye kusimama katika mto huo huo. Fikra yake haikuwa ya kipumbavu. Zana za wakati wake ndizo zilizokuwa hazitoshi, naye hakuwadanganya watu juu ya hilo. Siku binti atakapoambiwa na bosi wake aache kuhakikisha ili kazi iishe haraka, elimu ya kuzidisha haitamsaidia kujibu. Kitakachomsaidia ni kile alichokipata nyumbani na chuoni kabla hajaondoka.

Wazee wangu, walezi wangu, tuwafundishe watoto mambo hayo mawili pamoja. Jioni moja wapeni swali la namba saba, waache wahangaike nalo kwa karatasi na kalamu, kisha wasimulieni kisa cha Nile.

Tunamuomba Allah (s.w.) atupe elimu yenye manufaa, atukinge na elimu isiyonufaisha, na amrehemu Ibn al-Haytham na wanachuoni wetu wote. Amin.

Wabillahi tawfiq.